Askari, Mkewe na Hati ya Talaka

Mazungumzo ya redioni. Masomo: Kumbukumbu la Torati 24:1–5 na Mathayo 19:3–9.

  Leo hatutaanza na kisa cha kufurahisha. Twaanza na barua.

Barua hii ameiandika mama mmoja wa ushirika wetu kwa mkono wake mwenyewe, ukurasa mmoja na nusu. Jina lake hatutalitaja, wala kikosi cha mumewe hatutakitaja. Anaeleza kwamba walifunga ndoa kanisani mbele ya mchungaji na mashahidi, kwamba Mungu amewajalia watoto watatu, na kwamba mumewe ni askari jeshi. Mwaka jana mumewe alirudi likizo, akakaa siku nne. Siku ya nne akamwambia kwamba amekwisha kufika ofisini kambini, akalifuta jina lake katika daftari la jamaa zake, na kwamba tangu siku hiyo wao si mume na mke tena. Akaongeza kusema kwamba jeshi lina sheria yake ambayo raia hawaijui. Tangu hapo fedha za matumizi zimekatika. Mama huyu hakutuomba fedha. Anauliza neno moja tu: ameachwa, au bado ni mke wa mtu? Na anataka kujua kwa sababu tangu siku ile haiendei Meza ya Bwana, akiogopa kula na kunywa huku hajui yeye ni nani.

Mama, kama unatusikiliza, tunakupa jibu kwanza, maelezo yatafuata. Hujaachwa. Wewe ni mke wa ndoa. Jina likifutwa katika daftari la kambi, ndoa haifutiki.

Wengine watashangaa kwa nini tunaleta jambo la talaka katika kipindi cha Neno la Mungu. Lakini jambo hili li katikati yetu. Miritini si mji wa kambi, bali ni njia panda ya askari. Ukipanda na barabara ya Nairobi utafika Mariakani, penye kambi ya Jeshi la Nchi Kavu. Ukivuka Likoni utafika Mtongwe, makao ya Jeshi la Wanamaji lililoanzishwa tarehe 12 Desemba 1964, mwaka mmoja baada ya Uhuru. Tangu mwaka 1917 na kabla yake, mabehewa yamepita hapa yakiwa yamejaa askari. Na tangu mwaka 2017 reli mpya ya kutoka Nairobi ina kituo chake kikuu hapa hapa Miritini, na vijana wenye mikoba ya kijani hushuka wakitafuta matatu ya kuwapeleka kwa wake zao. Wengi wa wake hao wamepanga vyumba kati yetu, kwa sababu nyumba za kambini hazitoshi wote, na kwa sababu mume akihamishwa leo Mombasa, kesho Garissa au Nanyuki, mama hawezi kila mara kuwatoa watoto shuleni.

Tena kuna safari ndefu zaidi. Mwezi wa Oktoba 2011 majeshi yetu yaliingia Somalia, na mwaka 2012 yakawekwa chini ya jeshi la Umoja wa Afrika. Toka Novemba 2022 hadi Desemba 2023 wengine walikuwa mashariki ya Kongo. Mtu huondoka akiwa na mtoto mchanga, akarudi mtoto huyo akimwita mjomba. Hatusemi haya ili kuwapa waume udhuru. Twasema kwa sababu asiyejua uzito wa jambo hawezi kusaidia kulibeba.

Biblia yaujua uzito huu. Fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 24. Aya nne za kwanza zasema juu ya hati ya talaka, na aya inayofuata mara moja, ya tano, yasema juu ya vita: mtu aliyeoa karibuni asitoke kwenda vitani, wala asipewe kazi ya umma, bali akae nyumbani mwaka mmoja amfurahishe mke wake. Sisi hatudhani kwamba aya hizi zimekaa pamoja kwa bahati. Torati iliona kwamba jeshi na ndoa vyaweza kugombana, ikaamuru kwamba katika mwaka ule wa kwanza jeshi ndilo lingoje.

Na mnajua habari za Uria Mhiti katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 11. Huyu alikuwa askari mwaminifu, yuko vitani, na aliyemharibia nyumba yake alikuwa mkubwa wake mwenyewe aliyebaki mjini. Wayahudi wana mapokeo, yaliyoandikwa katika Talmudi, kwamba kila mtu aliyekwenda katika vita vya nyumba ya Daudi alimwandikia mkewe hati ya talaka kabla ya kuondoka, ili akipotea asionekane tena, mke asikae maisha yake yote akiwa amefungwa kwa mtu asiyejulikana kama yu hai au amekufa. Baadhi ya walimu wao waliyatumia mapokeo hayo kupunguza hatia ya Daudi. Sisi hatukubaliani nao, na nabii Nathani pia hakuona hivyo. Lakini ulizeni wenyewe: kwa nini watu wa zamani wafikirie hati kama ile? Ni kwa sababu walimwona mke wa askari amesimama mlangoni miaka na miaka, si mke, si mjane, si mwali. Mama aliyetuandikia anasimama mlango ule ule.

Basi sasa tuseme juu ya sheria ya nchi, kwa maana Mtume Paulo alipoonewa hakuona haya kutaja haki yake ya uraia.

Ndoa zote za Kenya leo ziko chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, iliyochukua mahali pa sheria saba za zamani. Sheria hii yatambua ndoa ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Haikuweka ndoa ya sita inayoitwa ndoa ya kijeshi. Askari akioa kanisani, ndoa yake ni ya Kikristo kama ya mwalimu au ya kuli wa bandarini. Ni ndoa ya mke mmoja, na anayeivunja ni hakimu peke yake, katika mahakama ya raia. Mkuu wa kikosi hana mamlaka hayo. Mahakama ya kijeshi huhukumu makosa ya askari, haivunji ndoa. Padre wa kambi haivunji. Na sisi wachungaji na wazee wa kanisa, hata tukiandika barua yenye muhuri mkubwa namna gani, hatuivunji. Hapa kwetu pwani kuna na jambo jingine ambalo latudanganya: wazee wa pande mbili hukutana, mahari ikarudishwa, mbuzi wakahesabiwa, watu wakaagana kwa heri, kila mtu akadhani mambo yamekwisha. Kwa ndoa ya kimila mahari yana maana yake. Kwa ndoa iliyoandikwa katika kitabu cha kanisa, mbuzi wamehama zizi tu. Mume yule akioa tena, hiyo ndoa ya pili si ndoa.

Majirani zetu Waislamu wana Mahakama ya Kadhi kwa mambo yao ya talaka, na askari Mwislamu huenda huko. Leo twasema juu ya nyumba zetu.

Anayetaka talaka ya ndoa ya Kikristo hana budi kumwonyesha hakimu sababu. Sheria yazitaja: uzinzi, ukatili wa mwili au wa moyo, aliotendewa yeye au watoto, kutelekezwa kwa miaka isiyopungua mitatu mfululizo kabla ya kupeleka shauri, upotovu uliozidi kiasi, au ndoa kuvunjika kiasi cha kutoweza kutengenezwa tena. Na katika ukurasa huo huo sheria yasema kwamba wenye ndoa ya Kikristo waweza kutafuta upatanisho kwa vyombo vya kanisa walikofungia ndoa. Haiwalazimishi, yawafungulia mlango. Tutarudi kwenye mlango huo, maana sisi wenyewe tuliufunga.

Neno hilo la kutelekezwa lataka kuangaliwa sana katika nyumba ya askari. Kijana mmoja alitujia baada ya ibada, mwanamaji, mtu mpole, uso umemsawajika. Mkewe alikuwa amemshtaki kwa wazee kwamba amemtupa. Akasema, "Wazee wangu, mimi sikumwacha. Nilitumwa." Mzee mmoja wetu akamjibu, "Mwanangu, ulitumwa miezi kumi. Na ile miezi mingine minane uliyokuwa Mombasa usifike nyumbani, nani alikutuma?" Kijana akanyamaza. Hapo ndipo penye mpaka. Kutumwa na serikali si kutelekeza, hata kama ni mbali, hata kama ni mwaka mzima. Kutelekeza ni kuondoka kwa nia ya kuacha, na nia huonekana kwa matendo: simu hazipokelewi, fedha hazitumwi, likizo inakwisha kwingine. Mke asihesabu miaka mitatu tangu siku mumewe alipopanda lori kwenda Somalia. Na mume asijifiche nyuma ya lori lile.

Yule kijana, tuongeze, naye alikuwa na mzigo wake. Alipokuwa ng'ambo alituma kwa M-Pesa karibu kila alichopata, akitumaini kukuta msingi wa nyumba. Aliporudi hakukuta msingi, wala fedha, na watu wa mtaa wakamnong'oneza mengine ambayo hatutayasema hewani. Mwanamke naye aweza kuwa ndiye aliyevunja. Tena siku hizi askari aweza kuwa mke, na mume ndiye aliyebaki na watoto Miritini akikoroga uji. Sheria haitazami nani amevaa kombati. Katiba ya 2010, kifungu cha 45, yasema mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, wakati wa ndoa, na wakati wa kuivunja.

Jinsi shauri linavyokwenda ni hivi. Mwenye kutaka talaka, au wakili wake, hupeleka maombi mahakamani pamoja na hati ya ndoa. Iliyopotea yaweza kupatikana nakala kwa Msajili wa Ndoa. Msikae bure miaka mkisema hati ililiwa na mchwa. Kisha mwenziwe lazima apewe habari kwa samansi. Hapa ndipo mama wengi hukata tamaa, wakisema, nitampata wapi mtu aliye mpakani? Kanuni za mahakama zimeliona jambo hili: samansi ya askari yaweza kupelekwa kwa mkuu wa kikosi chake, naye amkabidhi. Kwa hiyo ni muhimu sana mke kujua nambari ya kazi ya mumewe na jina la kikosi. Kuna wake walioolewa miaka kumi wasiojua nambari hiyo. Iandikeni leo, nyuma ya Biblia kama hamna mahali pengine.

Na wewe askari, ukipokea samansi usiikunje ukaitia mfukoni ukidhani kazi ya taifa itakukinga. Huko Marekani, ambako vijana wetu wengine wamejiunga na jeshi, iko sheria ya mwaka 2003 inayomruhusu askari aliyezuiwa na kazi kuomba shauri lake lisimame kwa siku zisizopungua 90. Hapa kwetu njia ni kumwandikia hakimu na kueleza, pamoja na barua ya mkuu wako, nawe uombe tarehe nyingine; tena tangu mwaka 2020 mahakama zetu zimezoea kusikiliza watu kwa njia ya video. Ukinyamaza kabisa, hakimu aweza kuendelea bila wewe, akasikia upande mmoja tu.

Sasa habari za fedha, ambazo ndizo zinazowaliza watu zaidi. Mama huyu wa barua hakuhitaji kungoja talaka ili adai matunzo. Sheria ya Ndoa yamruhusu hakimu kumwamuru mume au mke kutoa matunzo wakati ndoa ingali hai, ikiwa mmoja amekataa kumtunza mwenziwe au amemtelekeza. Aweza kuamuru wakati shauri linasikilizwa, na aweza kuamuru baada ya talaka. Na askari ana jambo ambalo mwenye duka hana: mshahara wake wajulikana, hulipwa kila mwezi, na mlipaji ni mmoja. Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya mwaka 2012 yatoa njia ya kukata sehemu ya mshahara wa askari kwa ajili ya matunzo ya mke na watoto. Basi amri ya mahakama ikifika panapohusika, haitegemei tena hisia za mtu.

Kwa habari ya watoto, maneno ni mafupi. Katiba, kifungu cha 53, yasema baba na mama wana wajibu ulio sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yaeleza namna. Mombasa, mashauri ya watoto husikilizwa Tononoka. Mzazi aweza kwenda kudai matunzo ya mtoto hata kama hataki kabisa kusikia neno talaka. Mke aliyeachwa kwa amri ya mahakama atapoteza kadi ya matibabu aliyopewa kama mke wa askari. Mtoto hakuachwa na mtu.

Nyumba ya kambini si mali ya ndoa. Ni ya serikali, na ndoa ikivunjwa, asiye askari hana budi kutoka. Wake wengi hawalifikirii hili mpaka siku ya kufunga mizigo. Lakini kiwanja kile cha Mazeras, kile kilichonunuliwa kwa mkopo wa ushirika wa akiba, na chumba kile cha kupangisha Jomvu, hivyo ni habari nyingine. Chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, mali ya ndoa ya mke mmoja haiuzwi wala haiwekwi rehani pasipo ridhaa ya wote wawili, hata kama hati ina jina moja. Na mchango wa mtu si fedha peke yake: kulea watoto, kutunza nyumba, kulima, kusimamia ujenzi, hata kumkalia mwenzio kama mwenzi, yote yahesabiwa. Ila tusidanganyane. Mahakama ya Juu ilisema mwezi wa Januari 2023 kwamba mali haigawanywi nusu kwa nusu hivi hivi. Kila mtu lazima aonyeshe alichochangia. Kwa hiyo mama aliyekaa jua kali akihesabu matofali wakati mumewe yuko mpakani na aziweke risiti za matofali hayo. Kaka zake watamcheka. Hakimu hatamcheka.

Kuna wengine hawakutengwa na ugomvi bali na ukimya. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya majeshi yetu huko El Adde ilishambuliwa, na mwaka uliofuata, tarehe 27 Januari, ikashambuliwa ya Kulbiyow. Baada ya El Adde miili ilibidi kutambuliwa kwa kupima damu ya jamaa, na nyumba zilikaa zikingoja simu. Mke ambaye mumewe hakuonekana hai wala maiti afanye nini? Sheria ya Ushahidi yasema mtu asiyesikika kwa miaka saba na wale ambao wangemsikia, huhesabiwa amekufa. Mfalme Justinian wa Konstantinopoli, mwaka 542, alikuwa mkali zaidi: alitaka wakubwa wa jeshi waapie Injili kwamba askari amekufa, kisha mke angoje mwaka mmoja tena. Twaona walijifunza kwa taabu, maana wako waliorudi. Kwa jambo hili twamwomba kila mtu asimharakishe mjane, wala asimzuie.

Sasa tuseme juu yetu, kanisa. Katika mlango ule wa upatanisho tuliosema tuliufunga.

Kabla ya barua hii, mama huyu alikwisha kutujia mara mbili. Mara ya kwanza alikuja na jicho limevimba. Ilikuwa baada ya mumewe kurudi kutoka Somalia. Alitueleza kwamba mumewe halali usiku, hushtuka mlango ukigongwa, na mara nyingine humpiga kisha akalia kama mtoto. Sisi tulimwomba avumilie, tukamwombea, tukamrudisha nyumbani. Hatukumtafuta mumewe. Hatukumwandikia padre wa jeshi, ambaye yupo kwa kazi hiyo hasa, tena ana njia ya kumfikia askari na kumpeleka kwa daktari ambayo sisi hatuna. Hatukumwambia mama kwamba tangu mwaka 2015 iko sheria ya kukinga watu na ukatili wa nyumbani, na kwamba hakimu aweza kutoa amri ya kumlinda pasipo kuvunja ndoa. Mara ya pili alipokuja tulimwuliza amemkosea nini mumewe. Ndugu zetu, swali lile tumelikumbuka sana. Tulikuwa wazee watano mezani, hakuna aliyelizuia.

Mateso ya vita yajulikana tangu zamani. Mwaka 1944 baba zetu na babu zetu wa Kikosi cha Afrika Mashariki walipigana Burma, wakarudi kwa meli bandarini hapa Mombasa, na wengi hawakusema neno juu ya waliyoyaona. Huko Uingereza, mwaka 1947, miaka miwili tu baada ya vita, ndoa zipatazo 60,000 zilivunjwa mahakamani, hesabu ambayo nchi ile haikuwahi kuiona kabla. Watu waliooana kwa haraka na kutengana kwa muda mrefu walikutana wakiwa wageni. Askari wa Miritini naye ni mtu. Akirudi, ushirika umpokee kama mgonjwa aliyetoka hospitali, kwa upole na kwa macho wazi, si kwa kumpigia makofi ibadani halafu kumwacha aende nyumbani peke yake na ndoto zake. Na kipigo kisiitwe ugonjwa peke yake. Anayepigwa na aondolewe kwanza mahali pa kupigwa, kisha tumtibu anayepiga.

Je, Mkristo aweza kuachana? Bwana wetu alipoulizwa, katika Mathayo 19, aliwarudisha wauliza hadi mwanzo, kwa Adamu na Hawa, akasema kwamba Musa aliruhusu kwa sababu ya ugumu wa mioyo yao. Alitaja uasherati. Paulo, katika 1 Wakorintho 7, alisema juu ya asiyeamini anayeondoka, kwamba mwenziwe hafungwi. Kwa maneno haya mawili ndugu zetu Wapresbiteri, tangu Ukiri wa Westminster wa karne ya 17, wamezitambua sababu mbili, uzinzi na kutelekeza kwa makusudi. Makanisa mengine ya Kiprotestanti ni makali kuliko hayo, hasa juu ya kuoa tena, na kila mtu aulize kwa mchungaji wake. Sisi twasoma kwamba katika siku za Bwana wetu mwanaume aliweza kumtoa mke kwa karatasi moja, na Yesu akamsimamia mke. Na Malaki, sura ya 2, anamsema mume aliyemtenda kwa hila mke wa ujana wake. Hila. Neno hilo twalisoma tukikumbuka daftari la kambini na siku nne za likizo.

Mama, tumekwisha kumwandikia padre wa jeshi, na barua imejibiwa. Mumeo ameitwa. Kama atakubali kuketi nasi, tutaketi, na safari hii hatutakuuliza umekosa nini. Kama hatakubali, twakushauri uende Tononoka kwa ajili ya watoto, usingoje mwezi mwingine. Kama huna fedha za wakili, Kituo cha Sheria na FIDA wana ofisi Mombasa, na iko huduma ya serikali ya msaada wa sheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Chukua hati ya ndoa, vyeti vya watoto, nambari ya kazi ya mumeo, na taarifa za M-Pesa zinazoonyesha mwezi fedha zilipokoma. Mzee mmoja na mama mmoja wa Umoja wa Wanawake watafuatana nawe. Wamekwisha kusema wako tayari siku yoyote isipokuwa Jumatano.

Na Jumapili ijayo ni Meza ya Bwana. Njoo. Wewe ni mke wa ndoa na mshirika wa kanisa hili, na mahali pako, ubavuni karibu na dirisha, hapajakaliwa na mtu.